Kipimo cha Meno Bandia: Kweli au Si Kweli?

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mtu mwenye meno bandia haulizwi kwanza kuhusu weupe wa meno hayo. Huulizwa kama yanashika: yanatafuna sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, yanaistahimili brosheti ya mbuzi, au yanabaki kwenye nyama na mwenyewe akabaki ameziba mdomo kwa kiganja? Jibu la swali hilo huamuliwa mapema sana, kabla jino hata moja halijapangwa, siku ile daktari anapoingiza trei kinywani na kuchukua kipimo, yaani chapa ya taya. Na siku hiyo ndiyo iliyozungukwa na uvumi kuliko zote.

Wala si ajabu. Utafiti wa kwanza wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2018, uliwachunguza watu 2,097 na kukuta kwamba wapatao 70 katika kila 100 hawajawahi kumwona mtaalamu yeyote wa meno. Shahada ya udaktari wa meno yenyewe ilianza kufundishwa nchini mwaka 2013 tu. Basi mtu wa Rubavu anayetaka meno bandia humwendea kwanza shangazi aliyewahi kutengenezewa, au jirani aliyepata yake ng'ambo ya mpaka, Goma, na kila mmoja ana yake ya kusema. Haya hapa ndiyo yanayorudiwa sana.

“Meno yakilegea, aliyekosea ni fundi.”

Mara nyingi si kweli. Fundi wa maabara hamwoni mgonjwa. Anachokiona ni kinywa cha plasta kilichomiminwa ndani ya kipimo, naye atatengeneza meno yanayokaa sawasawa juu ya plasta ile. Povu la hewa lililobaki kwenye kipimo litageuka kinundu kwenye plasta, kinundu ambacho mgonjwa hana. Trei ikiwa fupi na isifike nyuma kabisa ya taya, kipande hicho cha taya fundi hatakijua kamwe. Meno yatatoka maabara yanang'aa, yatatulia juu ya plasta bila kutikisika, kisha yatamwangukia mwenyewe siku ya kwanza atakayocheka.

Fundi naye ana dhambi zake. Akikoroga plasta kwa kukisia maji badala ya kupima, atapata plasta dhaifu inayolika ukingoni. Lakini lawama yangu kubwa kwake ni nyingine: kipimo kibovu kinapofika mezani kwake huwa anakijua, maana jicho lake limezoea, na wapo wanaonyamaza na kuendelea na kazi kwa sababu hawataki kugombana na daktari. Kukirudisha kipimo kama hicho ni sehemu ya kazi yake.

“Kipimo ni kuuma ule unga mpaka ukauke.”

Si kweli, na hapa ndipo makosa mengine mengi yanapozaliwa. Kuuma kupo, lakini huja siku nyingine, kwa nta, ili daktari ajue taya la juu na la chini yanakutana wapi. Kipimo cha taya lenyewe hakitaki uume chochote. Kinataka midomo, mashavu na ulimi vifanye kazi yake ya kila siku huku trei ikiwa ndani.

Kwa mtu asiye na jino hata moja, kawaida hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza huchukuliwa kwa trei ya kiwandani na alginati, unga unaokorogwa na maji ndani ya bakuli la mpira. Hapo daktari anatafuta umbo la jumla tu. Kipimo hicho kikimiminwa plasta, juu ya plasta hutengenezwa trei nyingine ya akriliki, ya mgonjwa huyo na si ya mwingine. Trei hii hukatwa makusudi iwe fupi kwa milimita mbili hivi kuliko mahali shavu linapojikunja kukutana na ufizi. Utaalamu wote umo katika kulijaza pengo hilo la milimita mbili.

Kinacholijaza ni kijiti cha kijani kinachofanana na nta ya kufungia bahasha. Daktari hukilainisha kwenye moto mdogo, hukipaka kwenye ukingo wa trei, kipande kimoja baada ya kingine, hukichovya kwenye maji ya uvuguvugu kisimuunguze mgonjwa, kisha huingiza trei kinywani na kuanza kuamuru. Bana midomo unavyopuliza mshumaa. Tabasamu. Achama kabisa. Peleka taya kushoto, haya, kulia. Kwa taya la chini ni zamu ya ulimi: utoe nje, gusa mdomo wa juu, upeleke kila upande, meza mate. Kila msuli unaposogea huusukuma ule ukingo laini mpaka pale unapouruhusu ukae. Trei hutolewa, hupozwa, hukaguliwa kwenye mwanga. Ukingo ulioguswa na misuli huwa wa mviringo na umefifia. Ukiona sehemu bado inang'aa, jua shavu halikufika hapo, na kipande hicho kinarudiwa. Kwa hiyo mgonjwa anayedhani daktari anapoteza wakati kwa kuingiza na kutoa trei mara nyingi, huyo yuko mikononi mwa daktari mzuri.

Kisha huambiwa aseme “aaa”. Kaakaa laini huinuka, na ule mstari ambapo sehemu inayocheza inakutana na sehemu tulivu huonekana. Hapo ndipo meno ya juu yanapopaswa kuishia. Yakiishia mbele ya mstari, hewa inaingia na yanaanguka. Yakiuvuka mno, yanamtapisha mwenyewe kila anapomeza.

Baada ya hayo yote ndipo hutiwa dawa ya kipimo cha pili, nyembamba, kuchukua sura ya ufizi wenyewe. Kabla ya hapo kuna jaribio dogo ambalo mgonjwa anaweza kulishuhudia: daktari huivuta trei ya juu kwa kishikio. Ikigoma kutoka hali bado haina dawa yoyote ndani, kazi inaelekea pazuri.

Lipo pia jambo la ufizi unaoyumba. Kwa watu ambao kwa miaka mingi wamevaa meno bandia juu huku wakiwa na meno yao ya asili mbele chini, mfupa wa mbele juu huyeyuka na kuacha nyama laini inayocheza ukiigusa kwa kidole. Dawa nzito ikiisukuma nyama hiyo pembeni, kipimo kitaibeba ikiwa imepinda. Meno yakikamilika, nyama itarudi mahali pake na kuyasukuma nje. Hapo trei hutobolewa dirisha mbele, na dawa nyepesi ya majimaji ikapakwa juu ya nyama hiyo bila kuigandamiza. Ukisikia bibi analalamika kwamba meno yake “yanapanda na kushuka” kwa mbele, mara nyingi hadithi yake ilianzia hapa.

“Unga wa kipimo hutokana na mwani wa Zanzibar.”

Si kweli, ingawa anayesema hivyo hayuko mbali. Alginati hutoka kwenye mwani kweli, ila ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima tangu mwaka 1989 ni wa jamii nyingine, mwani mwekundu, na kinachotolewa humo ni karajinani, kitu kinachotumika kuvifanya vyakula, na hata dawa ya meno, viwe vizito. Inawezekana basi mwani wa Zanzibar umeingia kinywani mwako asubuhi kwa mswaki. Kwenye trei ya daktari haujaingia.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia madaktari wengi walitumia agari, ambayo nayo ni ya mwani, na muuzaji mkubwa alikuwa Japani. Vita vilipofunga njia ya huko, alginati ikashika nafasi hiyo na haijaiachia mpaka leo.

“Dawa ya kipimo ina karafuu.”

Kweli. Dawa ya kipimo cha pili iliyozoeleka kwa miaka mingi hutoka kwenye mirija miwili. Mmoja una oksidi ya zinki, mwingine una yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Ile harufu inayokupokea mlangoni mwa kliniki za meno, ambayo wengi wetu tumeifungamanisha na sindano, ni harufu ya karafuu. Siwezi kuapa kwamba mrija wa daktari wako una jasho la mkulima wa Pemba, kwani Indonesia na Madagaska nazo hulima karafuu kwa wingi. Lakini Mpemba akikalia kiti kile ataitambua harufu ya kwao.

Yujenoli huwasha kidogo, ndiyo maana midomo hupakwa mafuta ya mgando kwanza, na mwenye mzio aseme mapema. Tena dawa hii ikishaganda haipindiki, kwa hiyo haifai kwa mtu aliyebakiwa na meno yake mengi. Ingenasa au kuvunjika wakati wa kutoa. Kwake alginati au silikoni ndiyo yenyewe.

“Kipimo kinaweza kupanda basi kwenda Kigali.”

Inategemea ni kipimo cha nini. Swali hili lina uzito Rubavu kuliko mahali pengi, maana kliniki inaweza kuwa hapa na fundi akawa mbali. Kutoka Gisenyi hadi Kigali kupitia Musanze ni zaidi ya kilomita 150 za milima na kona, saa tatu na zaidi ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Mizigo midogo husafirishwa kwa mabasi kila siku, na kasha la kipimo ni jepesi, linaingia hata chini ya kiti.

Kipimo cha alginati hakipandi basi. Sehemu kubwa ya alginati iliyoganda ni maji. Ukiiacha wazi mezani inayatoa na kusinyaa; ukiitumbukiza kwenye maji ili “isikauke” inayanywa na kuvimba. Kwa njia yoyote kati ya hizo, kinywa kilichomo ndani yake kinaacha kuwa cha mgonjwa. Plasta inapaswa kumiminwa ndani ya robo saa hivi, ikichelewa sana nusu saa, na wakati wa kusubiri kipimo hufunikwa kwa karatasi au kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, ndani ya kitu kilichofungwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, lakini kopo lenye mfuniko unaobana linafanya kazi ileile.

Zipo alginati mpya ambazo watengenezaji wake wanaahidi kwamba zitadumu siku kadhaa bila kubadilika. Huenda ni sawa, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye kopo. Mimi ningemimina plasta papo hapo.

Anayestahili tiketi ya basi ni plasta yenyewe. Ikimiminwa hapahapa Gisenyi, ikaachwa saa moja hivi igande, ikatolewa, ikafungwa vizuri, itafika Kigali ikiwa na vipimo vilevile. Isiachwe ndani ya alginati usiku kucha, maana alginati ikikauka huing'ang'ania, na uso wa plasta hutoka na ungaunga wa chaki. Vipimo vya silikoni, na vya oksidi ya zinki na yujenoli, ni vivumilivu zaidi. Hivyo vinaweza kusafiri. Mgonjwa anayetaka kujua yuko kwenye mikono gani ana swali moja la adabu la kuuliza kabla hajaondoka: “Daktari, plasta inamiminwa hapa?”

Na kabla ya plasta au basi, kipimo huoshwa kwa maji yanayotiririka hadi mate na damu vitoke, kisha hupuliziwa maji ya klorini na kuachwa dakika kumi hivi. Fundi hukishika kwa mikono yake, na homa ya ini haichagui aliye maabara na aliye kwenye kiti.

“Ukitapika wakati wa kipimo, meno bandia si yako.”

Si kweli. Kichefuchefu ni ulinzi wa mwili, kila mtu anao, wengine wanao kwa wingi. Sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye mkono wa daktari na inatibika. Trei ikijazwa pomoni, ziada itamwagikia kooni. Trei ya juu ikisukumwa juu kwa mbele kwanza, dawa inakimbilia nyuma. Ikianzwa kwa nyuma, dawa inakuja mbele, inapoonekana na kufutika. Mgonjwa akiwa amelazwa chali ataona anazama. Akikaa wima na kuinamisha kichwa mbele kidogo, mate yanatoka yenyewe kwenye bakuli.

Maji pia yana neno. Alginati iliyokorogwa kwa maji ya baridi huchelewa kuganda, na maji ya bomba ya asubuhi pembeni mwa Ziwa Kivu si ya moto. Kwa mtu mwenye kichefuchefu, maji ya uvuguvugu kidogo huokoa sekunde nyingi za mateso, mradi daktari awe na mkono mwepesi, kwani wakati wa kukoroga nao unapungua.

Upande wako: usije umekula ukashiba, pumua kwa pua, na kama hofu imekushika inua mguu mmoja na uushikilie juu. Inachekesha, lakini akili ikishughulika na mguu inasahau koo. Kipimo chenyewe ni dakika chache. Kikishaganda daktari atakitoa kwa mvuto mmoja wa ghafla, si kwa kukitikisa taratibu. Mvuto wa haraka huiacha alginati bila kuchanika wala kupinda, hata kama unakushtua.

“Ng'oa leo, pima kesho.”

Nusu kweli. Inawezekana hata kupima kabla ya kung'oa, meno yakatengenezwa, na siku ya kung'olewa ukatoka nayo mdomoni. Wengi huchagua hivyo kwa sababu ya kazi au aibu, na hawana kosa. Ila waambiwe bei nzima. Kidonda kinapopona, mfupa huyeyuka kwa kasi, hasa miezi ya mwanzo, na meno yaliyobana leo yatapwaya baada ya muda mfupi na kuhitaji kuongezewa ndani. Anayetaka meno ya kudumu naye husubiri miezi miwili mitatu ufizi utulie ndipo apimwe.

Usikubali pia kirahisi neno la “ng'oa yote tuanze upya.” Mzizi mmoja mzima au miwili ikitibiwa na kubakizwa chini ya meno bandia hulinda mfupa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1978, waliobakiziwa mizizi ya mbele chini walipoteza wastani wa milimita 0.6 za mfupa kwa miaka mitano. Wasiokuwa nayo walipoteza milimita 5.2. Huo ndio mfupa ambao kipimo kitaulalia.

“Nenda umevaa meno yako ya zamani, daktari ayaone.”

Yabebe, usiyavae. Ufizi uliogandamizwa na meno yaliyolegea huwa umevimba hapa na kubonyea pale, na kipimo kitanakili uvimbe huo kwa uaminifu wote. Kaa bila meno kwa saa 24 kabla ya kupimwa. Najua ni kumwambia mama wa duka aende sokoni Mbugangari siku nzima mdomo ukiwa tupu. Basi apange miadi asubuhi ya Jumatatu na ayavue tangu Jumapili.

“Meno bandia hushikwa na gundi.”

Si kweli. Vioo viwili vilivyolowa maji ukivibandika pamoja, kuvitenganisha kwa kuvuta ni kazi. Ndivyo yanavyoshika meno ya juu: kati ya akriliki na kaakaa kuna utando mwembamba wa mate, na ukingo wote umezibwa na midomo na mashavu ili hewa isipenye. Ndiyo maana yale maamuzi ya milimita mbili ukingoni yana maana kubwa hivyo, na ndiyo maana watu ambao mate yao yamepungua kwa sababu ya dawa za shinikizo la damu au uzee hupata taabu hata kipimo kikiwa safi.

Meno ya chini hayana bahati hiyo. Eneo yanaloketi ni karibu nusu ya lile la juu, katikati kuna ulimi usiotulia, na mate hukusanyika hapo. Daktari anayekuahidi kwamba ya chini yatabana sawa na ya juu anakufurahisha tu. Yakipimwa vizuri yatatulia, hayatanata. Gundi ya dukani ipo na ina msaada wake mdogo, lakini anayemaliza mrija kila wiki anahitaji kupimwa upya.

“Dawa ya bei ghali ndiyo kipimo sahihi.”

Hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Jopo la Cochrane, linalopitia tafiti za tiba duniani, liliangalia mwaka 2018 mbinu na dawa za kipimo cha mwisho na halikupata ushahidi wa kutosha wa kusema moja inaishinda nyingine waziwazi. Mjini Montreal, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwagawa wagonjwa: wengine wakatengenezewa kwa hatua zote za jadi, wengine kwa njia fupi yenye kipimo kimoja cha alginati. Wagonjwa wa makundi yote mawili waliridhika sawasawa. Lakini huko Leeds, Uingereza, mwaka 2014, wagonjwa waliotengenezewa seti mbili kila mmoja walielekea kuipenda zaidi iliyotokana na kipimo cha silikoni kuliko ya alginati.

Matokeo ya Montreal huwakera walimu wa udaktari wa meno, na naelewa kwa nini. Ninavyoyasoma mimi, hayasemi kwamba ukingo hauna maana. Huenda waliofanya kazi ile walikuwa mikono iliyozoea, inayojua kusogeza midomo na mashavu hata kwa alginati peke yake. Kwa kliniki ya Rubavu ambayo haina bajeti ya silikoni, hiyo ni habari njema: pesa inayokosekana inaweza kufidiwa na mafunzo. Kinyume chake hakiwezekani. Mrija ghali katika trei fupi utatoa kipimo ghali cha taya fupi.

“Siku hizi ni skana, unga umepitwa na wakati.”

Kwa taji la jino moja au mawili, kweli, mashine hufanya kazi nzuri sana pale zilipo. Kwa kinywa kisicho na jino, bado. Skana huunga picha nyingi ndogo kwa kutafuta alama zinazofanana, na ufizi mtupu ni laini, umelowa, hauna alama. Zaidi ya hapo skana huona shavu likiwa limevutwa pembeni na kioo. Haioni shavu likila, likisema, likicheka. Wenye mashine wengi hulizunguka tatizo kwa kuchukua kipimo cha kawaida kwanza, halafu wanakipiga skana kipimo chenyewe. Faida yake kwa mji wenye fundi wa mbali iko wazi, kwani faili haisinyai barabarani. Ila bakuli la mpira bado linahitajika.

“Plasta yako ya zamani ikiwepo, huna haja ya kupimwa tena.”

Si kweli. Mwaka 1972 Antje Tallgren alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavaaji wa meno bandia kwa kipindi cha miaka 25. Mfupa wao uliendelea kupungua miaka yote hiyo, na taya la chini lilipungua karibu mara nne ya la juu. Plasta ya miaka minane iliyopita ni kinywa cha mtu ambaye hayupo tena, hata kama jina kwenye faili ni lilelile.

Kitu cha zamani chenye thamani ni meno yenyewe. Kama hayajavunjika, hayajalika sana na bado yanakutana vizuri, daktari hupaka dawa ya kipimo ndani yake, huyaingiza kinywani, na kuamuru yaleyale ya midomo na ulimi. Fundi hubadilisha tabaka la ndani kwa akriliki mpya, meno ya nje yakabaki yaleyale uliyoyazoea. Gharama yake ni ndogo kuliko seti mpya. Kasoro yake ni moja: yatakuwa maabara kwa siku moja au mbili, na ikiwa maabara iko Kigali, zaidi. Kwa hiyo usilipange jambo hili wiki ya harusi ya mwanao.